Maji Yaliyowaka Katika Tangi la Pijo

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Nilipewa kizibo cha soda chenye petroli ndani, nikaambiwa nionje. Aliyenipa alikuwa Mzee Hatibu, Mdigo, fundi wa kabureta, mtu mfupi mwenye vidole vyembamba kama vya msuka ukili. Akasema, "Tia ulimini, usimeze, tema, halafu uniambie umesikia nini."

Nikatia. Nikasikia moto na kichefuchefu. Nikamwambia, "Nimesikia petroli, mzee."

"Petroli hata mbuzi anaisikia. Mimi nakuuliza ndani yake mna nini."

Mlikuwa na mafuta ya taa. Ilinichukua miezi minne kuyatambua bila kubahatisha, na miezi yote hiyo chakula cha mchana hakikuwa na ladha nyingine.

Nawaandikia nyinyi mliobaki gereji pale Nguvumali, mliosema babu kaondoka bila kuaga. Sijawa babu, nina miaka hamsini na tano, ila mikono imenistaafisha kabla ya mwenyewe kutaka. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta mkato haupo mahali pake uwekeni wenyewe. Vyeo sitavitaja maana gereji ile ina vyeo viwili tu, fundi na anayemsubiri fundi. Nitawaeleza habari ya petroli yenye spiriti, ilivyoingia katika magari ya zamani, na nilivyomsingizia mama wa watu kwa ajili yake, karibu apoteze kazi na kwenda rumande. Majina ya waliokosa nitayataja, na langu limo.

Kwanza niwaeleze ulimi. Zamani zile kuchakachua kulikuwa kumoja tu, kutia mafuta ya taa ndani ya petroli. Mzee Hatibu alinifundisha kumwagia tone nyuma ya kiganja: petroli safi inapoa kama barafu na kuondoka, ya kuchakachuliwa inaacha ngozi ina utelezi. Alinifundisha kunusa mdomo wa tangi kabla ya kufungua boneti. Lakini mwisho wa yote ilikuwa ulimi. "Spana utaazima," alikuwa akisema, "ulimi huwezi kuazima."

Nikawa mkali kuliko yeye. Kuna Landrova moja ya shamba la minazi, upande wa Pangani, ilikuwa ikizima kwenye mlima uleule kila safari. Mafundi watatu wameshabadilisha koili, wamebadilisha platini, mmoja amebadilisha hata betri, sijui ili iweje. Nikaletewa. Sikufungua kitu, nikanyonya mpira wa mafuta, nikatema, nikamwambia dereva, "Dumu lako la akiba ulibebea dizeli." Akaapa hakubeba. Halafu akakumbuka trekta la jirani aliloliletea mafuta mwezi uliopita. Tangu siku ile wakaniita Fundi Ulimi, nami sikukataa. Watu walikuwa wanatoka Muheza kuja kuona mtu anayeonja petroli kama anayeonja mchuzi, na mimi nilikuwa nawachelewesha kusudi ili waone vizuri. Kichwa kilivimba, niseme ukweli.

Mzee Hatibu alipofariki aliniachia wateja wake, wenye magari ambayo fundi wa leo akifungua boneti anatafuta kompyuta iko wapi. Mkubwa wao ni Mzee Shabiri, mwenye duka la vitambaa mjini, Muhindi wa Tanga aliyezaliwa Tanga na baba yake naye kazaliwa Tanga, anayesema Kiswahili cha pwani kunishinda mimi. Ana Pijo 404 ya marehemu baba yake, rangi ya maziwa, gia ya usukani. Gari lile kwake ni mtu wa nyumbani. Jumapili analipeleka Pangani na wajukuu, Ijumaa analipeleka msikitini, siku nyingine limefunikwa shuka. Nimelihudumia miaka ishirini na sita. Najua skrubu yake ipi inataka kubembelezwa.

Ndipo Feruzi akafungua kituo cha mafuta barabara ya kwenda Horohoro. Feruzi huyu ndiye mkosaji wa kwanza, lishikeni jina. Mtu wa maneno matamu, shati jeupe muda wote, na bei yake chini kidogo ya wengine. Kwenye pampu alimweka Severina, mtoto wa kambi za mkonge, wazazi wake walitoka bara kuja kukata mkonge wasirudi tena. Severina ana watoto wawili na mama mgonjwa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akimaliza kujaza anafuta mdomo wa tangi kwa kitambaa chake mwenyewe, na kila alfajiri anafungua tangi la chini kwa ufunguo, anapima kina kwa fimbo, anaandika. Nikifika ananiambia, "Shikamoo fundi, leo unaonja au unajaza?" Namjibu, "Marahaba, kwako naamini, najaza."

Mwanzoni Pijo lilipenda petroli ile. Likawa linavuta vizuri, sauti imekauka, mpaka Mzee Shabiri akanipongeza kwa kazi ambayo sikuifanya. Nikazipokea pongezi. Baadaye likaanza kumisi, injini inakatakata, likaanza kuchemka kwenye vilima, kichujio kikawa kinatoa uchafu wa kahawia kama gundi iliyoyeyuka. Nikasafisha jeti, vile vitundu vya kabureta, mara tatu kwa mwezi. Halafu ikaja masika, Mzee Shabiri akaugua mgongo, gari likakaa limefunikwa miezi miwili na tangi nusu. Alipopona likagoma kuwaka kabisa.

Nikakamua tangi ndani ya debe, nikajaza chupa, nikaiweka juani. Jamani, chini ya chupa mlikuwa na kitu kingine. Juu petroli, chini majimaji yenye ukungu, na katikati mstari uliosimama kama umechorwa kwa rula. Nikavuta yale ya chini kwa bomba la sindano, nikatia ulimini. Yakanichoma kidogo, lakini kitu chochote kilicholala na petroli kinachoma. Hayakuwa mafuta ya taa. Hayakuwa dizeli. Yalikaa chini ya petroli, hayana mafuta, yanateleza kama maji. Nikasema, "Maji."

Hapo ndipo mkosaji wa pili anapoingia, naye ni mimi, Rajabu, Fundi Ulimi.

Mzee Shabiri alimpigia Feruzi simu kulalamika. Feruzi akaniita kituoni Jumamosi asubuhi, foleni ya bodaboda ipo, magari yapo, akaniletea petroli kwenye kikombe, nami nimekwenda na ile chupa yangu, nimebakiza yale ya chini tu. "Fundi," akasema kwa sauti ya kusikiwa, "wewe ndiye unayeaminika mji huu. Onja mbele ya watu useme."

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mwenye kituo anataka aibu yake isemwe hadharani. Mimi niliona watu wananitazama. Nikaonja ya chupa, nikatema kwa madaha, nikasema, "Maji. Tena si kidogo."

Feruzi akageuka, hakunitazama tena. "Severina, ufunguo wa tangi la chini anao nani?"

"Ninao mimi, bosi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine. Na wewe."

"Mimi nitajitilia maji mwenyewe? Unauza kwa madumu huko nyuma, unajazia maji, halafu unaniandikia kina kimetimia."

Severina alinigeukia mimi. Akaniuliza polepole, "Fundi, una hakika?"

Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka, "Ulimi wangu haujakosea tangu nizaliwe."

Feruzi akachukua ufunguo, akamwambia aende nyumbani, na Jumatatu ya wiki ya pili arudi na maelezo ya maandishi, ama jalada liende polisi. Watu wa foleni wakaanza kumwita Mama Maji palepale. Wale nao ni wakosaji, ila ni wengi na wengine ni wateja wenu.

Mimi nikarudi kazini. Nikaosha tangi la Pijo, nikalikausha, nikamwomba Mzee Shabiri tujaze upya, na Feruzi mwenyewe ndiye aliyeshika bomba, anacheka, "Sasa ni safi, fundi." Siku ya Jumatano nilikuwa nimeinama juu ya injini inanguruma, naweka sailensi, ule mngurumo wa gari lililosimama, kwa bisibisi ndogo. Mpira wa mafuta ulitoka wenyewe kwenye pampu. Haukukatika, uliteleza ukatoka, umelainika kama tambi iliyoiva. Petroli ikaruka juu ya bomba la moshi lililo moto, nami mikono yote miwili nilikuwa nayo mle ndani.

Sitaeleza sana. Aliyenivuta ni Damasi, yule fundi bodi mnayemlalamikia kwa kelele za nyundo. Alinimwagia mchanga mikononi, akamwagia injini mchanga, akafunga boneti. Pijo lilipona likiwa na rangi iliyobabuka tu. Mimi nilipona pia, ila vidole vitatu vya mkono wa kulia tangu siku ile havikunjiki, na vya kushoto vinajikunja vinapotaka vyenyewe.

Damasi akaja wodini Alhamisi. Naye ni mtoto wa kambi za mkonge, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na siku hiyo alikuja na machungwa na ule mpira ndani ya mfuko. Hakuuliza nimelalaje.

"Severina yuko nyumbani kwake tangu Jumamosi," akasema. "Petroli iliyokuunguza imejazwa Jumatatu. Alikuja kutia maji kwa simu?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Na maji yanalainisha mpira tangu lini? Mvua inanyesha kwenye mipira mji mzima."

"Damasi, ninaumwa."

"Umwa, lakini sikiliza. Ile chupa yako ya ushahidi ilikuwa mezani. Nilipokuwa nakuvuta nimeipiga kikumbo ikapasuka, yale maji yako yakatambaa kwenye sakafu mpaka kwenye moto." Akaleta uso karibu. "Yakawaka, Rajabu. Maji yako yaliwaka. Moto wa buluu, mwembamba, hauna moshi. Nimekwisha kuuona moto ule."

"Umeuona wapi?"

"Jikoni kwa mama."

Mama yake Damasi, Mungu amrehemu, alikuwa akipika gongo nyuma ya kambi. Kila akitoa chupa anamimina kijiko kimoja, anawasha kiberiti. Ikiwaka buluu, gongo ni kali, inauzwa. Isipowaka, kuna mtu ameizidishia maji. Damasi alikua akishika kile kijiko.

"Mle ndani mna pombe," akasema. "Spiriti ya molasi au ya nini, sijui, lakini ni pombe. Wewe umeonja kinywa kizima ukasema maji. Hebu niambie, umewahi kuonja pombe?"

"Astaghfirullahi. Mimi?"

"Hata tone?"

"Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwetu hata siki ilikuwa inaulizwa imetoka wapi."

"Basi ulimi wako ungeijuaje?"

Nimelala pale na mikono imefungwa kama ya bondia, nikatazama dari. Miaka thelathini na tisa nimeonja kila uchafu unaoweza kuingia katika petroli ya Tanga, na hiki kimoja, ambacho mlevi yeyote wa kambini angekitambua kwa pua tu, kilipita ulimini kwangu kama mgeni asiyejulikana, nikampa jina la mtu mwingine. Na kwa jina hilo mwanamke anangoja polisi.

Usingizi uliisha. Lakini si kwa huzuni peke yake. Kulikuwa na kitu kingine kinaruka ndani yangu ambacho sijakisikia tangu siku ya ile Landrova. Nilikuwa nataka kuona. Daktari aliponiruhusu Jumamosi kwa kuguna, Jumapili Damasi alipotoka misa tukakutana gereji, tukafunga geti.

Tulianza na debe nililokamulia tangi. Damasi akavuta ya chini kwa bomba la sindano, akamimina kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Mwanzo sikuona kitu, jua lilikuwa kali. Akakinga kwa kiganja, na mle ndani ya kivuli nikaona moto wa buluu unacheza juu ya kitu nilichokiita maji mbele ya foleni nzima. Jamani. Nimeona magari yaliyopinduka yakawaka, nimeona injini zilizofufuka, sijaona kitu kama kile kijiko.

Lakini kijiko kile ni cha petroli iliyokaa miezi miwili. Nikataka kujua ya juzi je, ile Feruzi aliyoiita safi, maana siku ya kujaza tulichukua na dumu lake moja kwa akiba. Nikamwambia Damasi achukue chupa ya soda, atie maji vidole viwili, apige mstari hapo kwa tupa, halafu ajaze petroli ya Feruzi, azibe, atikise kwa nguvu, aweke chini. Tukakaa tukaitazama. Ikachafuka, ikatulia, ikajigawa. Maji yalikuwa vidole viwili. Sasa yalikuwa vitatu na kitu.

"Yameongezeka," Damasi akasema.

"Rudia."

Akarudia. Yakaongezeka vilevile. Tukachukua petroli ya kituo kingine, ya mjini, tukafanya hivyo hivyo. Ilibaki vidole viwili, kwenye mstari wa tupa, haikusogea unywele. Tukarudi kwa ya Feruzi, yakaongezeka. Mnaona? Pombe ndani ya petroli ikikutana na maji inahama, inayafuata maji. Maji yanaonekana yamezaa. Na ndivyo ilivyotokea ndani ya tangi la Pijo: masika yetu haya ya pwani, hewa yenyewe ni maji, tangi linapumua, pombe inanywa ule unyevu kidogo kidogo mpaka siku moja inashuka chini nao. Hakuna mtu aliyetia maji. Anga ndiyo iliyotia.

Tulifanya mara saba. Damasi anatikisa chupa, mimi nazunguka gereji na mikono yangu ya bondia siwezi kushika kitu, nampigia kelele aweke chini haraka. Majirani walidhani tumeanza kupika gongo kama nyumbani kwa Damasi zamani.

Mzee Shabiri nilimweleza jioni ileile. Shikamoo, marahaba, akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo Rajabu, miezi yote hii nimekwenda msikitini na gari limelewa?"

"Limekunywa gari, mzee. Wewe umepanda tu."

"Ndiyo maana lilikuwa linanguruma vizuri," akasema. Halafu uso ukabadilika. "Na yule binti?"

"Kesho ni Jumatatu."

"Basi kesho tunakwenda."

Alitupeleka kwa gari la mwanawe, jipya, la kompyuta. Nalo, niwaambie, lilikuwa limekunywa petroli ya Feruzi mwaka mzima bila kukohoa. Hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Severina alikuwa amefika. Amevaa kitenge cha kanisani, ameshika bahasha. Aliponiona hakunipa shikamoo. Feruzi ndiye aliyenisalimu: "Fundi, pole na moto. Umekuja kuonja?"

"Leo haonji," Damasi akasema. Akaweka chupa mbili juu ya ukuta mdogo wa pampu, moja ya petroli ya mjini, nyingine akamwomba mwenye bodaboda aliyekuwa amejaza palepale ammiminie kidogo. Maji vidole viwili kila moja. Akatikisa, akaweka. Foleni ikaacha kuwa foleni, ikawa duara.

Feruzi akacheka. "Haya ni mazingaombwe."

"Subiri," nikasema.

Yalipotulia hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chupa moja mstari uko pale pale, nyingine mstari umepanda. Damasi akatoa kile kijiko. Nikamwambia si hapa, mbele ya pampu, tutaungua wote mara ya pili, na watu wakacheka. Feruzi hakucheka. Alichomoa kitambaa akafuta shingo. Nikamwuliza, "Feruzi, umetia nini?"

Akazungusha macho. Nafikiri alihesabu watu. Akasema, "Spiriti si sumu. Nchi za watu wanachanganya kwa ruhusa, magari yanakwenda. Gari la mtoto wa Mzee Shabiri hili hapa, limekufa?"

"Halijafa. Sijasema ni sumu."

"Basi kosa langu liko wapi?"

"Hukusema. Mwenye gari jipya haimdhuru. Mwenye gari la zamani inakula mipira yake, inang'oa uchafu wa miaka tangini, ikilala masika inashuka na maji. Angejua angebadilisha mipira. Ulijua, ukanyamaza. Na niliposema maji ukafurahi, kwa sababu maji yana mtu wa kumbambikia na spiriti ni yako."

"Lakini maji nani aliyesema?" Akapandisha sauti, akaanza kuzungukia watu. "Mimi nilisema? Huyu alisema, Fundi Ulimi wenu. Mimi nilimwamini fundi."

Hapo alikuwa na haki. Ningeweza kunyamaza, watu walikuwa wameshamgeukia yeye. Nikapanda juu ya kile kiukuta bila kujishika popote, mikono yangu inaniuma.

"Nilisema mimi," nikasema. "Nilisema hapahapa, mkanisikia. Nilikuwa sijui kitu nikasema nakijua. Severina hakutia maji, hakuuza dumu, kina chake alichoandika ni kina cha kweli. Nimemsingizia. Mimi Rajabu."

Mtu mmoja wa bodaboda akasema, "Leo ulimi umeteleza." Wakacheka tena. Nikawaacha wacheke, ilikuwa zamu yangu.

Gari la tatu katika foleni likageuza likaondoka. La nne likalifuata. Feruzi akaliona, akamwendea Severina akamnyooshea ufunguo, sauti imerudi kuwa tamu. "Haya Severina, yameisha. Ni kutoelewana. Shika kazi."

Severina hakuupokea. Akaniambia mimi kwanza, "Mwanangu shuleni anaitwa mtoto wa Mama Maji. Umeshasema hapa. Utasema na kule?"

"Nitasema."

"Sokoni na kanisani je?"

"Nitasema popote utakaponiambia."

Halafu akamgeukia Feruzi. "Kazi nitashika. Nina watoto. Lakini weka kibao hapa juu ya pampu, kiandikwe kilichomo. Na mteja akiniuliza, nitamjibu kilichomo. Ukikataa nampa Mzee Shabiri hii bahasha yenye maelezo uliyoyataka, akaipeleke anakojua yeye."

Feruzi akasema kibao kitafukuza wateja. Severina akamwonyesha barabara, gari la tano linageuza. "Hao wamefukuzwa na kibao gani?"

Kibao alikitengeneza Damasi kwa bati la mlango wa gari bovu, akapaka rangi nyeupe, nami nikamtajia maneno: PETROLI HII INA SPIRITI. MAGARI YA ZAMANI ULIZA KWANZA. Shuleni nilikwenda kweli. Nilisimama mbele ya darasa la tatu na mikono yangu ya bandeji, nikawaambia watoto kuwa mtu mzima alikosea. Waliniuliza maswali mengi, karibu yote kuhusu moto.

Sasa sikilizeni ya kazi, maana spiriti hii haitaondoka, itazidi kuja, na mimi sipo. Msiitukane. Magari mapya yametengenezwa yakiijua. La zamani likiletwa, badilisheni mpira wa mafuta wote, kutoka tangini mpaka kabureta, si kipande kinachoonekana tu, na tafuteni ule unaotumika kwenye magari ya sindano, yasiyo na kabureta, unaivumilia. Daiframu, ile ngozi ya ndani ya pampu, nayo ya zamani haiwezi, inavimba. Kichujio badilisheni baada ya tangi la kwanza na la tatu, maana spiriti inafua tangi kama sabuni. Likichemka na kumisi, jeti ongezeni saizi moja, spiriti inataka iwe nyingi zaidi kwa hewa ileile. Mwenye gari linalolala mwambieni masika asiache tangi nusu, ama ajaze juu kabisa, ama akamue. Na ya ulimi wacheni. Chupa, maji vidole viwili, mstari wa tupa. Chupa haitafuti sifa.

Wiki tatu baadaye Mzee Shabiri alinichukua na Pijo, rangi mpya upande wa boneti, mipira mipya yote. Nikamwomba tupite kwa Severina. Nilitaka tujaze kwake, mbele ya watu, ionekane namwamini. Alikuwa kwenye pampu, kibao juu ya kichwa chake, foleni imerudi nusu. Akatusogelea. Mzee Shabiri alipewa shikamoo yake. Mimi nilitazamwa.

"Tujazie," nikasema.

Akaliangalia Pijo, akakitundika kichwa cha bomba mahali pake. "Hili silijazi."

"Mipira nimebadilisha yote."

"Mpaka tangini?"

"Mpaka tangini."

"Pampu je?"

Nikamwambia pampu bado, nimeiangalia, inaonekana nzima.

"Umeiangalia," akasema. Hakuweka kejeli, aliuliza tu kama anayeandika kina. "Umeifungua?"

"Bado."

"Basi nendeni mjini. Ukishaibadilisha, rudi nitakujazia. Pisha, fundi, kuna watu nyuma."

Mzee Shabiri akaweka gia, akaniuliza kwa upole tunakwenda wapi. Nikamwambia turudi gereji. Ndiyo ile siku mliyoniona naingia na daiframu mpya kwapani, nawafokea muifunge kabla ya adhuhuri, mkajiuliza babu aliyestaafu ana haraka gani. Nilikuwa na haraka kwa sababu alisema nirudi.